Sardinia: divai ya zamani yatafuta mnywaji, migahawa yabaki kati ya mila na sheria

Mjini Cabras, magharibi mwa kisiwa cha Sardinia nchini Italia, sahani ya kwanza haihitaji moto. Ni vipande vyembamba vya bottarga: mayai ya samaki aitwaye muggine, yaliyotolewa tumboni yakiwa bado ndani ya mfuko wake, yakatiwa chumvi, yakakandamizwa na kukaushwa hadi yakawa magumu. Kando yake huwekwa mkate na mafuta kidogo ya zeituni. Wazee wa huko hawaulizani kitakachonywewa. Ni Vernaccia ya Oristano, divai inayotoka katika bonde la mto Tirso, kilometa chache tu kutoka kwenye ziwa la maji ya chumvi ambamo samaki yule amevuliwa.

Lakini mgeni anayeketi leo kwenye meza hiyo hiyo mara nyingi huletewa divai nyingine, nyeupe, changa na ya baridi. Vernaccia imekuwa kitu cha kuulizia, na wakati mwingine mhudumu lazima aende kuitafuta nyuma ya kabati.

Namna inavyotengenezwa ndiyo inayoitofautisha. Kwa kawaida mtengenezaji wa divai hujaza pipa mpaka juu, kwani hewa ni adui yake. Wale wa Oristano huacha nafasi makusudi. Juu ya divai hujitandaza utando mweupe wa hamira, kama ule unaofunika maziwa yaliyochemka yakapoa, na chini ya utando huo divai hukaa miaka. Sheria inataka angalau miwili, na wengine huiacha kumi na kuzidi. Inapotoka huwa na rangi ya dhahabu, harufu ya lozi, uchungu kidogo mwishoni na alkoli ya asilimia 15 au zaidi. Mwaka 1971 ilikuwa divai ya kwanza ya Sardinia kupata DOC, yaani cheo cha kisheria kinacholinda jina la divai na mahali inapotoka.

Mtu asiyeizoea akiionja peke yake anaweza kudhani imeharibika. Akiionja pamoja na bottarga anaelewa. Chumvi na mafuta ya mayai yale ni mazito mno kwa divai nyepesi. Huifunika kabisa, ikabaki kama maji. Vernaccia haifunikwi.

Tatizo lake ni hesabu. Divai changa huvunwa Septemba na kuuzwa miezi michache baadaye. Vernaccia hulala kwenye pipa, sehemu yake ikipotea hewani kila mwaka, na pesa za mkulima zikilala pamoja nayo. Vijana wengi wameacha mizabibu hiyo, na mashamba yaliyobaki ni sehemu ndogo ya yale ya zamani. Mgahawa nao hununua kile mteja anachokijua kwa jina. Hapo ndipo divai hufa: pale mtu anapofungua orodha ya vinywaji na jina lake halimo, wala hagundui kwamba limekosekana.

Chupa isiyomalizika

Vernaccia si peke yake. Italia yote inakunywa divai kidogo kuliko zamani. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, hesabu ya nchi ilikuwa zaidi ya lita 100 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Leo iko chini ya 40. Mfanyakazi wa shamba au wa kiwanda aliyekunywa divai mchana kama sehemu ya chakula chake hayupo tena. Kwa wengi divai imehama, imetoka nyumbani ikaenda kwenye meza ya mgahawa, siku ya mwisho wa juma.

Na kwenye meza hiyo kuna hofu mpya. Tarehe 14 Desemba 2024 sheria mpya ya barabara ilianza kutumika nchini Italia. Dereva anayekutwa na zaidi ya gramu 0.5 za alkoli katika lita moja ya damu hulipa faini ya kuanzia euro 573 hadi 2,170 na kunyang'anywa leseni kwa miezi mitatu hadi sita. Kiwango hicho na faini hiyo havikuwa vipya. Kipya ni ukali kwa wanaokamatwa na zaidi ya gramu 0.8, ambao wanaweza kulazimishwa kufunga kwenye gari lao kifaa kinachozuia injini kuwaka kama pumzi ya dereva ina alkoli. Hata hivyo wenye migahawa walianza kulalamika mara moja: wateja, hata wale ambao sheria haikuwaongezea chochote, waliogopa na kuagiza maji.

Malalamiko hayo yanaeleweka, ila wafu wa barabarani nao wana familia. Wengine wametafuta njia ya kati: kuuza kwa glasi badala ya chupa nzima, au kumfungia mteja chupa yake iliyobaki aende nayo nyumbani, jambo ambalo zamani Muitaliano angeona aibu kulikubali.

Mwezi huo huo wa Desemba 2024, wizara ya kilimo ya Italia iliruhusu kutengenezwa ndani ya nchi kwa divai iliyoondolewa alkoli. Ruhusa hiyo haihusu divai zenye majina yanayolindwa, kwa hiyo hakutakuwa na Vernaccia ya Oristano isiyo na alkoli. Pengine ni afadhali.

Pwani na mlima

Kisiwa hiki kina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 24,000 na wakaaji karibu milioni moja na nusu, lakini kondoo ni kama milioni tatu. Kwa muda mrefu watu walikaa mbali na bahari, kwa kuogopa malaria na maharamia, na vyakula vinavyoitwa vya asili hasa ni vya wachungaji wa milimani: mkate mkavu mwembamba wa pane carasau uliobebwa mfukoni kwa majuma, fromaji ya kondoo, nguruwe mchanga aliyechomwa polepole. Samaki walikuwa chakula cha miji michache, kama Cabras, Alghero, Carloforte na Cagliari. Ndiyo maana mezani kuna nchi mbili ndani ya kisiwa kimoja.

Pwani inakunywa Vermentino. Ile ya Gallura, kaskazini-mashariki, hukua kwenye udongo wa mawe ya granite yaliyosagika, chini ya upepo mkali wa maestrale, na tangu mwaka 1996 ndiyo divai pekee ya Sardinia yenye cheo cha DOCG, cha juu kuliko DOC. Ni kavu, na mwishoni huacha uchungu mdogo unaosafisha mdomo. Huenda vizuri na fregola, punje za ngano zinazopikwa na wanyama wadogo wa baharini wenye magamba, na vilevile na samaki wadogo wa kukaangwa. Mtu wa Goma au Bukavu aliyezoea sambaza za moto zilizokamuliwa ndimu anajua tayari kazi ambayo divai hiyo inafanya: ni kazi ya ndimu.

Divai nyekundu nzito ikikutana na samaki, mara nyingi huacha mdomoni ladha kama ya chuma. Wahudumu wa pwani hujaribu kulisema hilo kwa upole. Mteja akisisitiza, analetewa.

Mlimani ni Cannonau. Ni zabibu ile ile ambayo Wafaransa huiita Grenache na Wahispania Garnacha, na pande zote mbili zinabishana kuhusu nani aliipeleka kwa mwenziwe. Wasardinia wana hoja yao: huko Sa Osa, karibu na Cabras hiyo hiyo, wachimbaji wa mambo ya kale walipata ndani ya visima mbegu za zabibu zenye miaka kama 3,000, za wakati wa watu waliojenga minara ya mawe iitwayo nuraghe. Mbegu hizo zinathibitisha kwamba mizabibu ilikuwapo zamani sana. Kwamba ilikuwa Cannonau, hilo ni jambo lingine.

Pamoja na nyama ya nguruwe mchanga, iliyolazwa juu ya matawi ya mirto ikiwa bado ya moto, au pamoja na Fiore Sardo, fromaji ngumu ya maziwa mabichi ya kondoo yenye harufu kidogo ya moshi, Cannonau iko nyumbani kwake. Mafuta ya nyama hulainisha ukali wa divai, na ukali wa divai hukata mafuta ya nyama. Anayejua fromaji ya Masisi asidhani ni ndugu wa karibu: ile ni ya ng'ombe na ni laini zaidi, hii huuma ulimi. Nani alaye Fiore Sardo iliyokomaa kwa maji matupu atamaliza jagi.

Chupa yenye jina si lazima. Katika vijiji kama Oliena, Dorgali na Jerzu kuna koperative za wakulima, na divai ya nyumba, inayoletwa kwenye jagi la robo au nusu lita, mara nyingi hutoka humo. Kwa mgeni mwenye pesa kidogo hilo ndilo chaguo la busara. Kwenye hesabu atakuta pia neno coperto, malipo madogo ya kila mtu kwa ajili ya mkate na meza. Si wizi, ni desturi, na huandikwa kwenye orodha ya bei.

Maisha marefu ya kuuzwa

Cannonau ina kitu ambacho Vernaccia haina: hadithi nzuri ya kuuza. Mwaka 2004 daktari Msardinia Gianni Pes na Mbelgiji Michel Poulain, mtaalamu wa hesabu za idadi ya watu, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti juu ya vijiji vya milimani ambako watu wengi, hasa wanaume, walifika miaka 100. Kwenye ramani walivizungushia wino wa bluu, na jina "eneo la bluu" likabaki. Waandishi na wafanyabiashara waliofuata wakaitazama glasi ya wazee hao, na Cannonau ikawa divai ya maisha marefu.

Wazee wale walikula maharagwe, mboga na mkate wa shayiri, walipanda na kushuka milima nyuma ya mifugo tangu utotoni, na walizeeka ndani ya familia zao. Divai ilikuwa glasi ndogo, wakati wa chakula, pamoja na watu. Kuitoa glasi hiyo peke yake katika maisha hayo yote na kuibandika kwenye chupa ya kuuzwa ni biashara, si sayansi. Mwaka 2024 mtafiti Saul Newman alipewa tuzo ya Ig Nobel kwa kazi yake iliyotilia shaka hata hesabu zenyewe za umri katika maeneo kama hayo. Waliofanya utafiti wa Sardinia wanamkatalia na kusema waliihakiki miaka kijiji kwa kijiji. Na Januari 2023 tawi la Ulaya la Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha alkoli kisicho na hatari kwa afya.

Anayekunywa Cannonau, basi, anywe kwa sababu inapendeza na nyama. Anayetafuta miaka 100 atembee.

Kuna pia wasiotaka divai kabisa. Wasardinia ni wanywaji wakubwa wa bia, na pizza nchini Italia huenda na bia kuliko divai. Bia ya kisiwa ni Ichnusa, iliyoanzishwa Cagliari mwaka 1912. Tangu 1986 iko mikononi mwa Heineken, kampuni hiyo hiyo iliyokuwa na Bralima ya Primus, ambayo Juni 2025 ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Goma na Bukavu kwa sababu ya vita. Msardinia atakwambia kuwa Ichnusa ni yake, kama vile mtu wa Bukavu anavyosema kuhusu Primus.

Mwisho wa chakula huja sebada, andazi lililokaangwa lenye fromaji ndani na asali juu, na baadhi humwagia glasi ndogo ya Malvasia ya Bosa. Kiisha kahawa, nyeusi na fupi. Mwenye kuagiza kapuchino saa hiyo atapewa, lakini jikoni watajua kuwa ni mgeni.

Halafu chupa mbili hufika bila kuitwa. Moja ni mirto, pombe tamu ya rangi ya zambarau iliyolowekwa matunda ya mmea ule ule uliolalia nyama. Nyingine ni filu 'e ferru, maana yake uzi wa chuma. Ni pombe kali ya kuchemshwa, ndugu wa kanyanga kwa namna yake: katika karne ya 19 serikali iliitoza kodi, watu wakaendelea kuipika kwa siri, wakafukia chupa na vyombo ardhini na kuacha ncha ya waya ikitokeza juu ili wapajue mahali. Leo inauzwa madukani ikiwa na stika ya kodi, lakini jina halikubadilishwa.

Mwenye mgahawa humimina mwenyewe, wala haandiki kwenye hesabu. Kwanza, lakini, huuliza nani anaendesha gari, na huyo huongezewa kahawa.