Kishikwambi chenye GPS: unalipia nini ukielekea Endau au Chyulu?

Muulize mwenye duka la simu mjini Kitui au Wote kama kishikwambi kilicho kwenye kabati la vioo kina GPS, na mara nyingi jibu litakuwa hili: "Iko nayo, boss. Si unaona Google Maps hii hapa?" Atafungua ramani, nukta ya buluu itasimama karibu na soko, nawe utaridhika. Lakini ramani ni programu tu. GPS ni kipokezi, kidude halisi kilichofungwa ndani ya mashine, na kishikwambi kinaweza kuwa na ramani bila kuwa na kipokezi. Dukani huwezi kuona tofauti kwa sababu mjini Wi-Fi ziko kila upande. Kifaa kisicho na kipokezi hunusa Wi-Fi za jirani na kukisia mahali kilipo. Vuka Kathonzweni ukielekea Mto Athi, na Wi-Fi za kukisia zinaisha. Nukta inabaki ilikokuwa, huku gari likizidi kusonga mbele.

Jambo hili lina uzito zaidi Ukambani kuliko Nairobi. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 30,500, kumaanisha ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 pekee humo. Makueni ni ndogo zaidi na ilikuwa na watu 987,653. Kampuni za simu hujenga minara palipo na wateja, kwa hiyo kadiri unavyoelekea mashariki mwa Kitui, upande wa Endau, Voo na Ikutha, ndivyo unavyozidi kukutana na mabonde ambayo simu haina alama hata moja. Sensa yenyewe ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kufanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, na makarani walibeba mashine hizo hadi kwenye maboma ya maeneo hayo, mbali na mnara wowote.

Inafaa kusisitiza kwamba GPS haihitaji mnara wala bando. Setilaiti za Marekani huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, zikitangaza saa na mahali zilipo mchana na usiku. Kipokezi husikiliza tu, kama redio inavyosikiliza kituo. Kikizipata setilaiti nne, kinapiga hesabu na kujua kiko wapi. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara ya raia ili isiwe sahihi sana. Uvurugaji huo ulipokoma, kifaa cha kawaida kikaanza kupata mahali kwa kosa la mita chache tu penye anga wazi. Siku hizi vifaa vingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na anga la Kitui ni wazi kupita kiasi. Anayekuambia utahitaji kununua bando kila siku ili GPS ifanye kazi porini anachanganya kujua ulipo na kupakua picha ya ramani. La kwanza ni la bure. La pili linakula data, na dawa yake ni kupakua ramani ukiwa bado nyumbani.

Kwenye iPad ndiko wengi huumia. Apple imekuwa na desturi moja tangu iPad ya kwanza mwaka 2010: inayotumia Wi-Fi pekee haina kipokezi cha GPS, ilhali inayoingia laini inacho. Kwa bei za Marekani, iPad ya kawaida iliyotoka 2025 ilikuwa dola 349 bila laini na dola 499 ikiwa na laini. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, pengo ni zaidi ya shilingi 19,000, na hapo hujaweka ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji wa Kenya. Kwa upande wa Samsung mambo ni tofauti: Galaxy Tab A9 ya Wi-Fi pekee ina GPS ndani, kwa hiyo hulazimiki kulipia laini usiyoitaka. Vishikwambi vya Amazon, kama Fire HD 10, ambavyo jamaa walioko Marekani hupenda kuleta kama zawadi kwa kuwa ni vya bei nafuu, havina GPS. Mtoto atavisomea vizuri na kutazamia katuni, lakini usivitegemee njiani.

Sasa tazama hizo dola 150 zinazotenganisha iPad mbili. Kwa kiasi hichohicho, dola 149.99 kwa bei ya kutolewa kwake, Garmin iliuza eTrex SE, kifaa cha mkononi cha GPS tupu kilichotoka 2023. Kioo chake ni kidogo, inchi 2.2, hakina rangi, na hutaona humo ramani ya barabara za kupendeza. Lakini kinatumia betri mbili za AA, ambazo utazipata kwenye kioski chochote cha Kyuso au Mutomo, na kampuni inasema zitadumu hadi saa 168 katika matumizi ya kawaida. Kikidondoka kwenye dimbwi hakifi. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, pesa hizo zina kazi kubwa zaidi hapo kuliko ndani ya iPad.

Chyulu itakuonyesha sababu. Vilima hivi, ambavyo sehemu yake imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1983, vilizaliwa na volkano juzijuzi kwa hesabu za kijiolojia. Mgongo wake ni vilima vya nyasi vinavyofanana mno, kimoja baada ya kingine, na asubuhi ukungu hushuka ukaficha vyote. Chini yake kuna mawe ya lava yanayokata soli. Mkono mmoja unashika fimbo, mwingine unatafuta pa kushikilia, na kishikwambi cha inchi 10 hakina mkono wa kukishika. Ukiingia msitu wa juu, majani mabichi hupunguza nguvu za ishara na nukta huanza kuyumba. Na ukishuka katika pango la Leviathan, mfereji wa lava wenye urefu wa takriban kilomita 11, hakuna kifaa chochote, cha bei yoyote, kitakachosikia setilaiti. Hapo unamfuata kiongozi na tochi yake.

Hata penye anga wazi kuna hila. Simama chini kabisa ya mwamba wa Nzambani, upande ule jiwe linapopanda kama ukuta, utazame nukta. Inaweza kuruka mita kadhaa kushoto, kisha kulia, nawe hujanyanyua mguu. Ishara inagonga jiwe na kurudi, na kipokezi kinadhani imetoka mbali zaidi. Panda ngazi za chuma hadi juu, na nukta inatulia. Kwenye mabonde ya Mbooni na Kilungu hali ni hiyohiyo. Vuta subira dakika mbili kabla ya kuamini unachoonyeshwa.

Ndani ya gari kishikwambi kina nafasi yake ya haki. Kioo kikubwa kinamwezesha aliyekaa kando ya dereva kuiona barabara yote ya Kibwezi, Mutomo, Kitui hadi Mwingi bila kukunja macho. Chaji inatoka kwenye gari, kwa hiyo betri si tatizo. Tatizo ni joto. Apple inashauri iPad itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Mtito Andei mchana wa Februari inapita hapo mapema sana. Kioo kitafifia, kisha mashine itajizima hadi ipoe. Weka kishikwambi mapajani au kwenye kishikio mbele ya tundu la kiyoyozi, kamwe usikiache juu ya dashibodi.

Ramani zenyewe ndizo sehemu ya bei nafuu kuliko zote. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, na hufanya kazi bila mtandao kabisa. Inatumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Google Maps nayo inakuruhusu kupakua eneo, ingawa itabidi ulisasishe mara kwa mara. Mimi ningepakua zote mbili kwenye Wi-Fi kabla ya kuondoka, kwa sababu njia ndogo za Kitui Mashariki hutokea kwenye moja na kukosekana kwenye nyingine. Washa GPS pia ukiwa bado mjini. Kifaa kilicholala wiki kadhaa kikiwashwa porini bila mtandao kinaweza kuchukua dakika nyingi kukusanya taarifa za setilaiti upya, ilhali chenye mtandao huzipata mara moja.

Lakini hakuna ramani kati ya hizo inayojua maji. Mstari mweupe unaovuka Mto Thua au Tiva unaonekana sawa Agosti, mto ukiwa mchanga mkavu, na Novemba, mto ukiwa umefurika kutoka ukingo hadi ukingo. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, upande wa Mwingi, mbele ya macho ya watu waliosimama kingoni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hakuna aliyepotea njia siku ile. Njia ilijulikana. Kwa hiyo msimu wa mvua zima sauti ya kifaa kinachokuambia "endelea moja kwa moja", teremka, umwamkie mzee aliye karibu na umuulize maji yamefika wapi na yalikuwa wapi saa moja iliyopita. Akikuambia ngoja, ngoja.

Kama ungeniuliza nani hasa anunue kishikwambi chenye GPS, ningemtaja kwanza mtu ambaye kazi yake ni kuandika mahali. Afisa wa maji wa kata, mtafiti, kiongozi wa kikundi kinachotunza mabwawa ya mchanga. Kitui ina mamia ya mabwawa hayo, na wakati wa kiangazi bwawa likijaa mchanga mgeni hupita juu yake bila kujua kuna maji chini ya miguu yake. Kwa programu ya bure kama KoboCollect unapiga picha, unajaza fomu, na kifaa kinaandika mahali penyewe bila mtandao, kisha unatuma yote ukirudi mjini. Hapo kioo kipana kinalipa gharama yake. Anayefanya kazi hiyo kila siku kwenye vumbi na aliye na bajeti ya shirika afikirie Galaxy Tab Active5: haiingii maji wala vumbi, na betri yake hutoka, kwa hiyo unabeba ya akiba. Familia inayokwenda Umani Springs wikendi haihitaji chochote kipya. Simu zao tayari zina GPS, na pesa hizo zitafaa zaidi kwa tairi la akiba.

Ukiamua kununua, usikubali kujaribia ndani ya duka. Toka nje barabarani, zima Wi-Fi na data, acha huduma ya mahali (Location) ikiwa imewashwa, fungua ramani uliyokwisha kupakua na utembee hatua hamsini. Nukta ikikufuata, kipokezi kipo na kinafanya kazi. Ikikwama, mrudishie mwenye duka kishikwambi chake kwa upole, hata akuambie ni mtandao tu uko chini leo.

Na ukianza kuandika mahali kwa tarakimu, chunga alama ya kutoa. Kaunti za Kitui na Makueni zote ziko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mji wa Kitui huandikwa karibu -1.37, 38.01. Ukimtumia dereva wa lori la maji namba hizo bila ile alama ya mwanzo, ramani itampeleka jirani na Laisamis, kaunti ya Marsabit, takriban kilomita 300 kaskazini mwa watu wanaomngoja na mitungi.