Viungo vya Shafti ya Motokaa ya Zamani, na Namna ya Kuvichagua

Ninyi mnaolima Kabimba na katika vijiji vya kando ya ziwa, kusini ya Kalemie, mnajua ya kuwa mazao hayana faida mpaka yafike penye wanunuzi. Watu wa machimbo ya chokaa, watu wa saruji na watu wa mjini hula muhogo na mahindi, lakini hawaji shambani kuyachukua. Kwa hiyo yafaa sana wakulima kushirikiana, wakanunua motokaa ya zamani iliyolala miaka mingi, wakaitengeneza upya kidogo kidogo. Lakini jihadharini na kosa moja. Watu hutia fedha zao katika rangi, viti na matairi, kisha wakifika kwenye shafti hununua kiungo cho chote kinachofanana na kile cha zamani.

Shafti ni mti wa chuma ulio wazi ndani kama mwanzi, nao umelala chini ya motokaa. Kazi yake ni kupeleka nguvu za injini kutoka giaboksi mpaka difu, yaani kile kichwa cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma. Giaboksi imefungwa katika fremu, lakini ekseli imeshikwa na springi, nayo hupanda na kushuka kila gurudumu linapoingia shimoni. Kama shafti isingeweza kupinda mahali po pote, ingevunjika siku ya kwanza. Basi kila mwisho wake una kiungo, mfano wa kifundo cha mkono. Kiungo hicho kina panda mbili za chuma, na katikati yao msalaba mdogo, ambao mafundi wengine huuita krosi. Kila ncha ya msalaba imevikwa kikombe, na ndani ya kikombe mna vijiti vyembamba kama sindano, vimepangwa kuizunguka ncha ili chuma kisile chuma.

Katika Kongo kiungo hiki huitwa kardani, na wengine huita shafti yote kwa jina hilo. Ni jina la Mwitalia mmoja, Girolamo Cardano, mganga na mjuzi wa hesabu, aliyezaliwa mwaka 1501 akafa mwaka 1576. Lakini aliyekifanya kifae kwa motokaa ni Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hataza yake mwaka 1903. Zamani zile motokaa nyingi zilivutwa kwa mnyororo, kama baisikeli.

Usidhani ya kuwa msalaba ni kitu kidogo kwa sababu hushikika katika kiganja. Kiungo cha mbele kikivunjika motokaa inapokwenda mbio, ncha ya shafti huanguka ikachimba barabara, na motokaa huweza kuinuliwa juu kama mtumbwi unavyosukumwa kwa upondo. Kikivunjika kile cha nyuma, shafti huzunguka ikipiga kila kitu kilicho karibu, na mabomba ya breki yamo katika hatari. Tena wenye Land Rover za miaka ya 1948 mpaka 1985, zile za namna ya kwanza, ya pili na ya tatu, wajue neno hili: breki ya mkono ya motokaa hizo haishiki magurudumu, hushika shafti ya nyuma. Kiungo kikikatika, breki ya mkono nayo imekwisha. Kwa sababu hiyo mtu asiingie chini yake kufungua shafti kabla ya kuweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Wengi hulisahau, kwa kuwa breki imevutwa na motokaa imetulia. Boliti ya mwisho ikitoka, hutembea.

Wanaotengeneza upya motokaa za zamani za mashindano hutafuta misalaba ya namna ile ile. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1971 na 1973 yalishindwa na Datsun 240Z, motokaa ndogo ya Japani ambayo kila gurudumu lake la nyuma lina shafti yake fupi yenye misalaba. Tangu mwaka 2003 motokaa za zamani kama hizo zimerudishwa barabarani katika Safari ya magari ya kale. Jaguar E-Type ya Uingereza, iliyoundwa tangu mwaka 1961, ina jambo la ajabu zaidi: shafti fupi za nyuma hazizungushi magurudumu tu, huyashika pia yasiinamie ndani wala nje. Msalaba ukichakaa, gurudumu hulegea. Mwenye motokaa ya namna hiyo hachezi na bei ndogo. Wewe unayepakia magunia ya muhogo na watu juu yake una sababu kubwa kumpita yeye.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwanza hakikisha ya kuwa kiungo ndicho kilichochakaa. Ukisikia kishindo kila unapoachia klachi, au mlio kama wa panya unapokwenda polepole, au mtetemo chini ya miguu unaozidi kwa mwendo, lala chini injini ikiwa imezimwa, ushike shafti kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Panda na msalaba zisipokwenda pamoja, kiungo kimekwisha. Ukiona unga mwekundu kama kutu pembeni ya kikombe, usingoje dalili nyingine. Grisi imekauka ndani.

Kabla ya kufungua, piga alama kwa patasi katika panda zote na katika sehemu yenye meno inayoteleza. Sababu ni hii. Msalaba mmoja unapofanya kazi umepinda, hautoi mwendo ulio sawa. Katika mzunguko mmoja shafti huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ya digrii 10 tofauti ni ndogo, kama moja na nusu katika mia. Kwa digrii 30 ni zaidi ya 13 katika mia. Kiungo cha pili kimewekwa ili kufuta kosa la kile cha kwanza, nacho hukifuta ikiwa tu panda mbili zilizo katika shafti yenyewe zimeelekea upande mmoja. Ukikosea jino moja wakati wa kurudisha, motokaa itatetemeka, nawe utalaumu msalaba mpya bure.

Ukiisha kuutoa msalaba wa zamani, usiutupe. Uende nao sokoni, ukiwa umefungwa kitambaani pamoja na vikombe vyake vinne. Pima unene wa kikombe, tena pima urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja mpaka mgongo wa kikombe kinachokielekea. Tumia kipimo chenye taya, si kamba wala macho. Katika Land Rover za zamani kuna misalaba miwili ambayo vikombe vyake vyote vina unene wa milimita 27, lakini mmoja una urefu wa milimita 75, na mwingine milimita 82. Ukiwa dukani, mbali na shafti, utaviona kama ndugu pacha. Angalia pia vipete vya kukaza: vingine hukaa nje, juu ya mgongo wa kikombe, vingine hukaa upande wa ndani wa panda. Ikiwa ni vya ndani, pima kutoka mfereji wa kipete mpaka mfereji wa kipete. Na kuna shafti ambazo kiwanda kilizifunga bila vipete kabisa, kwa kuponda chuma. Hizo hazikuundwa kubadilishwa msalaba, yafaa kununua shafti nzima.

Halafu muuzaji atakuuliza, wataka wenye chuchu ya grisi au uliofungwa? Wale wauzao watasema uliofungwa ni bora, kwa kuwa haukutobolewa ndani, basi chuma chake ni kizima na kina nguvu. Hayo ni kweli. Lakini fikiri barabara yako. Motokaa inayovuka vijito na kula vumbi kila siku huingiza maji na mchanga katika vikombe, na msalaba uliofungwa hauna njia ya kuvitoa. Wenye chuchu, ukiusukumia grisi mpya, ile chafu hutoka pembeni. Shauri letu kwa watu wa Kabimba ni kuchukua wenye chuchu, kwa sharti moja: awepo mtu mmoja aliyepewa kazi ya kupaka grisi, ajulikane kwa jina. Kama hayupo, nunua uliofungwa. Chuchu isiyotumika ni tundu la kudhoofisha chuma tu.

Usiamini sanduku, kwa maana sanduku huchapwa po pote. Vua kikombe, hesabu sindano, ulinganishe na vikombe vingine vitatu; zote ziwe sawa, zimejaa bila nafasi. Rudisha kikombe katika ncha yake ukizungushe kwa kidole: kiende laini, kisicheze upande. Ncha ya msalaba uliofanywa vizuri ni ngumu hata tupa huteleza juu yake, ingawa hatujamwona muuzaji atakayekubali uijaribu. Nunua miwili, maana ndugu yake wa upande wa pili amekwenda safari zile zile.

Wengine hushawishiwa kutoa misalaba kabisa na kutia viungo vya mwendo sawa, vyenye gololi ndani, kama vilivyo katika motokaa mpya. Ni viungo vyema, lakini huishi ndani ya buti la mpira. Mwiba au jiwe likilipasua, grisi humwagika na kiungo hufa upesi. Tena flanji zake sharti zilingane na za motokaa yako.

Tazama panda pia. Kikombe kipya sharti kiingie kwa kusukumwa na jiriwa. Kikiingia kwa mkono, tundu la panda limepanuka, na hakuna msalaba utakaoliponya. Hapo fundi mwenye haraka atasema, tukichomelee. Mkataze. Moto huo huharibu ugumu wa kikombe, huunguza grisi na mipira, na shafti haitafunguka tena ila kwa kukatwa. Tafuta panda nyingine.

Wakati wa kuingiza, elekeza chuchu upande wa shafti, mahali ambapo bomba la grisi litafika. Kipete kikikataa kuingia katika mfereji wake, usipige nyundo. Sindano moja imeanguka ikalala chini ya kikombe. Toa, uipange tena kwa grisi. Kisha sukuma grisi mpaka uione katika vikombe vyote vinne. Baada ya kwenda Kalemie mara ya kwanza na kurudi, kaza boliti zote tena, na usogeze mkono karibu na kila kikombe. Kimoja kikiwa na moto kuliko wenzake, kifungue kabla ya kupakia mzigo mwingine.