Kamba Hula Pesa, Mahindi Hula Muda: Hesabu ya Sahani ya Kusini mwa Marekani

Sahani ya kamba kwa griti, ikipikwa nyumbani kwa watu wanne, inagharimu takriban dola 14.40, yaani dola 3.60 kwa kila mtu. Katika fedha hiyo, dola 8 zinamezwa na kamba. Mahindi, ambayo ndiyo yanayojaza sahani na tumbo, yanachukua senti 53 tu. Ukihesabu dakika badala ya dola, mambo yanageuka: kamba wanaiva kwa dakika nne, na mahindi yanaweza kudai saa nzima. Wapishi wengi hubana senti kwenye mahindi na kutapanya dola kwenye ukubwa wa kamba. Hesabu inasema wafanye kinyume chake.

Griti ni chenga za mahindi. Punje huparazwa badala ya kusagwa kuwa unga, kisha chenga hizo hupikwa kwa maji au maziwa hadi ziwe uji mzito, laini kuliko ugali. Juu yake humwagwa kamba waliokaangwa kwa mafuta ya bekoni, kitunguu saumu, majani ya kitunguu na limau. Ni chakula cha mwambao wa South Carolina na Georgia, eneo la vinamasi na vijito vya maji chumvi liitwalo Lowcountry. Ufundi wa kuparaza mahindi ulitoka kwa wenyeji wa asili wa eneo hilo. Wagullah Geechee, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani kulima mpunga, wamevua kamba kwa kimia katika vijito hivyo kwa vizazi.

Zamani kilikuwa kifungua kinywa cha watu wa pwani, na kitabu cha mapishi ya Charleston kilichotoka mwaka 1930 tayari kina sahani ya kamba na mahindi. Mwaka 1982 mpishi Bill Neal alifungua mgahawa wa Crook's Corner mjini Chapel Hill, North Carolina, akaongeza bekoni, uyoga na jibini. Mwaka 1985 Craig Claiborne wa gazeti la New York Times akaandika habari zake, na chakula cha wavuvi kikapanda hadi kwenye migahawa ya nchi nzima. Kilipopanda, gharama zake ziligeuka pia. Kwa mwenye kimia, kamba walikuwa jasho lake tu. Kwa mnunuzi wa leo, ndio zaidi ya nusu ya bili.

Mchanganuo wa sahani nne

Bei zifuatazo ni za makadirio, za aina inayoonekana katika supamaketi za kawaida za Marekani, ambako vitu hupimwa kwa ratili ya gramu 454. Weka bei za unakoishi. Mpangilio wa nani mkubwa na nani mdogo hautabadilika sana.

- Kamba wasio na vichwa, wenye maganda, ratili 1: dola 8.00
- Chenga za kawaida, gramu 160 (kikombe kimoja), kwa dola 1.50 ratili: dola 0.53
- Bekoni, robo ratili, kwa dola 7 ratili: dola 1.75
- Jibini ya chedari, robo ratili, kwa dola 6 ratili: dola 1.50
- Siagi, vijiko vinne vya chakula: dola 0.63
- Vitunguu, kitunguu saumu, uyoga kidogo na limau: dola 2.00

Jumla ni dola 14.41. Kamba wanachukua asilimia 55 ya fedha yote, na chenga hazifiki asilimia 4. Mgahawa unaofuata kanuni ya kawaida ya biashara hiyo, kwamba viungo visizidi kama asilimia 30 ya bei ya sahani, ungeuza sahani hiyohiyo kwa dola 12. Dola nane na ushei ni za mpishi, kodi ya jengo, umeme na faida.

Namba mbili na mkwaju katikati

Ukisimama mbele ya friza ya kamba, usitazame kwanza maneno kama "wakubwa" au "wakubwa sana", kwa kuwa kila muuzaji ana ukubwa wake. Tazama namba. Pakiti iliyoandikwa 16/20 ina kamba 16 hadi 20 kwa ratili. Ya 31/35 ina kati ya 31 na 35. Kadiri namba inavyopanda, kamba anapungua ukubwa, na kwa kawaida bei ya ratili inashuka.

Gawa ratili moja kwa watu wanne. Kwa 16/20, kila mtu anapata kamba wanne au watano. Kwa 31/35 anapata wanane hivi. Kwa 41/50 anapata kumi hadi kumi na wawili. Uzito wa nyama ni uleule kwa wote. Tuseme 16/20 wanauzwa dola 11 na 31/35 dola 8. Anayechukua wakubwa analipa senti 75 zaidi kwa kila sahani bila kuongeza hata gramu moja ya chakula. Amelipia umbo.

Wadogo nao wana deni lao, nalo ni kumenya. Kwa sekunde 10 kila mmoja, ratili ya 16/20 inamalizika kwa dakika tatu na kidogo, na ya 41/50 inachukua dakika saba au nane. Kwa watu wanne hilo si jambo. Tutaona linavyokuwa jambo wakija arobaini. Ndiyo maana 31/35 wanaifaa sahani hii: wanatosha kuonekana juu ya chenga, hawapotei ndani ya mchuzi, na hawadai bei ya sherehe.

Kichwa, ganda na barafu

Bei ya ratili haina maana mpaka ujue ni ratili ya nini. Kanuni moja ya South Carolina inasaidia hapa. Katika msimu wa siku 60 wa kuvua kamba kwa chambo na kimia, wavuvi wasio wa biashara wanaruhusiwa kwa siku kupata kwati 48 za kamba wenye vichwa, au kwati 29 za wasio na vichwa. Kwati moja inakaribia lita moja. Gawa 29 kwa 48 na unapata 0.60. Kanuni yenyewe inakuambia kwamba ukikata vichwa, unabaki na asilimia 60 hivi ya ulichovua.

Kwa hiyo kamba wenye vichwa wa dola 6 kwa ratili ni sawa na wasio na vichwa wa dola 10. Wanaonekana rahisi, lakini kwa hesabu ya nyama wamewazidi bei wale wa dola 8. Maganda nayo huchukua asilimia 17 hivi ya uzito unaobaki: ratili ya gramu 454 inatoa kama gramu 380 za nyama, au gramu 95 kwa mtu. Gawa dola 8 kwa 0.83 na unapata dola 9.64. Hiyo ndiyo bei ambayo waliomenywa wasipoizidi, wanakuokolea kazi bila kukula fedha.

Ila maganda si takataka. Yachemshe na vikombe vitatu vya maji kwa dakika 20, uyachuje, na una supu ya kulainishia mchuzi ambayo hukuilipia. Anayenunua waliomenywa ananunua mkono wa mwingine na kuacha supu dukani.

Tahadhari mbili za mwisho kuhusu uzito. Kamba wengi wa friza wamefunikwa ngozi nyembamba ya barafu ili wasikauke; uzito halali ni ule usiohesabu barafu hiyo. Tena soma orodha ya viambato. Ikiwa ni kamba na chumvi tu, vema. Yakitajwa madawa ya fosfeti, nyama hiyo imenyweshwa maji, na maji hayo uliyoyalipia kwa bei ya kamba yatamwagika kikaangoni, na kamba watachemka badala ya kukaangika.

Senti 31 za chenga nzuri

Chenga za kawaida zimeondolewa kiini ili zidumu rafuni. Zile zilizoparazwa kwa mawe hubaki na sehemu kubwa ya kiini, penye mafuta na harufu ya mahindi. Ndiyo maana huwekwa kwenye friji au friza. Tuseme ratili yake ni dola 5, zaidi ya mara tatu ya bei ya kawaida. Ongezeko hilo linatisha rafuni. Jikoni, gramu 160 zinapanda kutoka senti 53 hadi dola 1.76, na ukigawa tofauti kwa sahani nne unapata senti 31. Kitu kilichopanda bei mara tatu kimeongeza gharama ya chakula kwa chini ya asilimia 9, kwa kuwa kilianza kikiwa kidogo mno.

Gharama halisi ya chenga ni muda. Za papo hapo huhitaji dakika moja tu ya maji moto, za haraka dakika 5, za kawaida 15 hadi 20, na za mawe 45 hadi 60. Wanga huanza kuvimba maji yakifika kama nyuzi 65 za Selsiasi, lakini lazima maji yapenye hadi katikati ya chenga, na chenga ikiwa nene safari ni ndefu. Ukiziloweka usiku kucha, sehemu kubwa ya safari hiyo inafanyika ukiwa umelala.

Uwiano ni kikombe kimoja cha chenga kwa vinne vya maji, na cha tano kikae pembeni kikiwa moto. Mimina chenga ukikoroga, zichemke, kisha shusha moto hadi zitokote polepole. Koroga kila baada ya dakika chache, uguse chini ya sufuria ambako huanza kuungua. Chumvi mapema; siagi na jibini mwishoni.

Je, saa hiyo inagharimu umeme kiasi gani? Jiko la moto mdogo linalotumia nusu kilowati kwa saa nzima linakula nusu uniti. Kwa senti 17 kwa uniti, hizo ni senti 8.5, au senti mbili kwa sahani. Kinachotumika ni uwepo wako. Lakini si uwepo wa kukaa bure: ndani ya saa hiyo unamenya kamba, unachemsha maganda, unakata vitunguu na kukausha bekoni. Kamba wanaingia dakika za mwisho kabisa, dakika mbili upande mmoja na moja au mbili wa pili, mpaka nyama ibadilike kutoka kuwa kama kioo hadi nyeupe yenye wekundu. Wakipita hapo wanakuwa mpira, na dola 8 zimeharibika.

Kutoka watu 4 hadi 40

Bili inaongezeka mara kumi: dola 144. Jiko haliongezeki mara kumi, na hapo ndipo karamu nyingi huharibikia.

Chenga zinafika kilo 1.6 na maji lita 9.5, hivyo unahitaji sufuria ya lita 15. Jiko la kilowati 2, tukichukua kwamba asilimia 70 ya moto wake unaingia sufuriani, linachemsha lita moja kwa dakika 4 hivi. Lita 9.5 zinachukua karibu dakika 40 kabla hata chenga hazijaingia. Kwa upande mwingine, sufuria kubwa hupoteza maji kidogo kwa mvuke ikilinganishwa na ujazo wake, kwa hiyo anza na lita 8.5 na uongeze baadaye. Zikishaiva, chenga huwa na subira: zikifunikwa na kubaki juu ya nyuzi 60, zinasubiri wageni huku ukizilainisha kwa maji moto au maziwa.

Kamba hawana subira. Kikaango cha sentimita 30 kinabeba ratili moja bila kubanana. Ratili kumi ni mizunguko kumi ya dakika nne, na wa kwanza watakuwa wamepoa wakati wa mwisho wanaingia. Kwa watu arobaini, acha kukaanga kwa mafungu. Pika mchuzi mzito mapema kwa supu ya maganda, bekoni na vitunguu, uuache utokote, kisha tumbukiza kamba wote dakika tano kabla ya kupakua. Na hapa kumenya kunakuwa kazi: ratili kumi za 41/50 zinaweza kuwa kamba 500, yaani dakika 83 kwa mikono miwili, na 16/20 hawazidi 200, dakika 33. Tafuta mikono mingine kabla ya kutafuta bei rahisi.

Sasa hamisha fedha. Punguza kamba kwa robo, kutoka ratili 10 hadi 7.5: umeokoa dola 20. Badilisha chenga zote ziwe za mawe: umetumia dola 12.30. Ongeza ratili mbili za uyoga kwa dola 4 kila moja: dola 8. Jumla mpya ni dola 144.40, au dola 3.61 kwa sahani, senti moja zaidi ya mwanzo. Kila mgeni bado anapata kamba sita wa 31/35, na chini yao kuna mahindi yenye ladha ya mahindi.

Dola ya ziada iende wapi

Zaidi ya asilimia 90 ya kamba wanaoliwa Marekani hutoka nje, hasa India, Ecuador, Indonesia na Vietnam, na wengi wao wamefugwa kwenye mabwawa. Bei yao ndiyo iliyofanya sahani hii iwezekane siku za kazi, na ndiyo inayowabana wavuvi wa pwani ambako sahani hiyo ilizaliwa. Tuseme waliovuliwa baharini huko Kusini wanafika dola 12 kwa ratili: sahani inapanda kwa dola moja kamili, hadi 4.60, au 4.91 pamoja na chenga za mawe. Huo bado ni mlo usiofika dola 5.

Kwa hiyo mwenye nyongeza ndogo aipange hivi. Senti 31 za kwanza ziende kwenye chenga, kwa sababu hakuna senti nyingine inayobadilisha ladha kiasi hicho. Dola inayofuata iende kwa kamba wa baharini, kama wanapatikana na unataka fedha yako ibaki kwa wavuvi wa Kusini. Zile senti 75 za kamba wakubwa zije mwisho, na asiyekuwa nazo hajapungukiwa na chochote ndani ya sahani.