Dawa Isiyoyeyuka na Vitundu vya Silika

Mgonjwa amezapo kidonge, aghalabu hudhani kwamba kazi imekwisha. Kwa hakika ndipo inapoanza. Kidonge hupasuka tumboni kikawa chengachenga, lakini chengachenga hizo haziwezi kupenya ukuta wa utumbo. Ipenyayo na kuingia katika damu ni dawa iliyokwisha kuyeyuka. Isiyoyeyuka hutoka pamoja na choo, hata ikiwa ilinunuliwa kwa bei ghali.

Mfano ulio karibu nasi ni lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika dawa mseto ya malaria ijulikanayo Tanzania kwa jina la ALu. Lumefantrini hupatana na mafuta, wala si na maji. Ikimezwa baada ya mlo wenye mafuta mengi, kiasi kiingiacho katika damu huweza kufikia mara 16 ya kile kiingiacho ikimezwa na mtu mwenye njaa. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa aimeze pamoja na chakula au maziwa. Lakini mgonjwa wa malaria hutapika, na chakula hakitaki. Dawa ikipungua damuni, vimelea vilivyosalia huweza kuzaliana upya, na vile vyenye ustahimilivu hupata nafasi ya kuenea.

Sega lisiloonekana

Dawa nyingi za namna hii hukaa katika hali ya fuwele, yaani molekuli zake zimepangwa na kushikamana kama matofali ya ukuta. Ili dawa iyeyuke, sharti maji yaubomoe ukuta huo. Je, yawezekana kuuzuia usijengwe?

Hapo ndipo iingiapo silika. Msomaji asiichanganye na silika ya mtu. Hii ni oksidi ya silikoni, iliyo sehemu kubwa ya mchanga. Mwaka 1992 wanasayansi wa kampuni ya Mobil, Marekani, walitangaza silika yenye vitundu vilivyopangika kama sega la nyuki. Molekuli za jamii ya sabuni hujikusanya majini zikawa vijiti, silika ikaganda kuvizunguka. Kisha vijiti huunguzwa, vikaacha vitundu vyenye upana wa nanomita chache. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, zikitandazwa, huweza kufikia mita za mraba 1,000, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu.

Mwaka 2001 María Vallet-Regí na wenzake, Hispania, walionyesha kwamba vitundu hivyo huweza kubeba dawa ya maumivu, ibuprofeni, na kuitoa polepole. Watafiti wengine wakatafuta kinyume chake: kuitoa upesi. Dawa huyeyushwa katika spiriti, silika ikaloweshwa humo, kisha spiriti ikakaushwa. Ndani ya kitundu chembamba hivyo fuwele hazina nafasi ya kujipanga. Maji yaingiapo, dawa huyeyuka kwa wepesi. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, watu wenye afya walimeza fenofibrati, dawa ya kupunguza mafuta ya damu, iliyobebwa kwa silika, nayo ikafyonzwa zaidi kuliko ile ya madukani.

Mzigo na mchukuzi

Hata hivyo, dawa iliyotoka kwa wingi na kwa ghafla huweza kugeuka fuwele tena kabla ya kufyonzwa. Tena mchukuzi naye ana uzito wake. Dozi moja ya ALu kwa mtu mzima ina miligramu 480 za lumefantrini. Tuseme dawa ni robo ya mchanganyiko. Mgonjwa atalazimika kumeza karibu gramu 2 kila mara, naye anatapika! Kwa hiyo njia hii huzifaa kwanza dawa zinazotumika kwa kiasi kidogo.

Basi shauri la muuguzi kuhusu maziwa lisidharauliwe. Mafuta yaliyomo hufanya, kwa gharama ndogo, sehemu ya kazi ile ile ambayo maabara inaitafutia njia mpya.