RAW na ISI: Vita vya Siri vya India na Pakistan

India na Pakistan zilizaliwa pamoja Agosti 1947, na kabla ya mwaka huo kwisha zilikuwa zimeshaingia vitani kuwania Kashmir. Tangu hapo majeshi yao yamekutana uwanjani mara kadhaa, na kila mara vita vilidumu siku, wiki au miezi, kisha vikasimama. Vita vya mashirika yao ya ujasusi havijasimama hata siku moja. Upande wa Pakistan liko Inter-Services Intelligence, yaani ISI, na upande wa India liko Research and Analysis Wing, linalojulikana zaidi kwa jina la RAW.

Mashirika yote mawili yalianzishwa baada ya majeshi kupigana gizani. Vita vya kwanza vya Kashmir viliionyesha Pakistan kwamba jeshi la nchi kavu, la majini na la anga hayakuwa na namna ya kupeana habari za adui. Mwaka 1948 ISI ikaundwa kuziba pengo hilo, kazi iliyosimamiwa na Meja Jenerali Walter Cawthorn, ofisa mzaliwa wa Australia aliyebaki kulitumikia jeshi jipya la Pakistan. India iliendelea kutegemea Intelligence Bureau, idara iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, kwa ujasusi wa ndani na wa nje pia. Idara hiyo ilielemewa katika vita vya 1962 dhidi ya China, na ikaonekana pungufu tena katika vita vya 1965 dhidi ya Pakistan. Septemba 1968 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliutenga ujasusi wa nje, akaunda RAW na kumkabidhi R. N. Kao, kachero mkimya ambaye vijana aliowalea walikuja kuitwa Kaoboys.

Kimuundo mashirika haya hayafanani. ISI huongozwa na mwanajeshi, kwa kawaida mwenye cheo cha luteni jenerali. Kwa mujibu wa taratibu iko chini ya waziri mkuu, lakini kwa vitendo sauti ya mkuu wa jeshi ndiyo nzito. Kwa miongo mingi imejihusisha pia na siasa za ndani ya Pakistan. RAW ni chombo cha kiraia kilichomo katika ofisi ya baraza la mawaziri na huripoti kwa waziri mkuu, na bunge la India halina mamlaka ya kuikagua. Kwa hiyo katika nchi zote mbili wananchi hulipia kazi wasiyoweza kuihoji, na makosa yake hujulikana miaka mingi baadaye, kama yatajulikana kabisa.

Kutoka Dhaka hadi Kahuta

Mafanikio makubwa ya kwanza ya RAW yalikuja mwaka 1971. Wakati huo Pakistan ilikuwa vipande viwili vilivyotenganishwa na ardhi ya India. Januari 30 ndege ya abiria ya India iliyoitwa Ganga ilitekwa na vijana wawili wa Kikashmiri ikapelekwa Lahore, ambako ilichomwa moto baada ya abiria kushuka. India ikajibu kwa kuzifungia ndege za Pakistan anga yake, hivyo safari kati ya pande mbili za Pakistan zikalazimika kuizunguka India kwa kusini kupitia Colombo. Mwanzoni watekaji walipokelewa Lahore kama mashujaa. Baadaye uchunguzi wa Pakistan ulidai kwamba tukio zima lilipangwa na majasusi wa India ili kupata kisingizio cha kufunga anga. India ilikana, na ubishi huo haujakwisha.

Mwezi Machi jeshi la Pakistan lilianza kuwakandamiza Wabengali wa mashariki kwa ukatili mkubwa, na mamilioni wakakimbilia India. RAW, pamoja na jeshi la India, iliwapa mafunzo na silaha wapiganaji wa Kibengali wa Mukti Bahini. Desemba 16 jeshi la Pakistan lilisalimu amri Dhaka, mateka wapatao 93,000 wakachukuliwa, na Bangladesh ikawa nchi huru. Kwa India, huo ulikuwa ushahidi kwamba ujasusi unaweza kubadili ramani. Kwa maofisa wa Pakistan lilikuwa jeraha la kulipiziwa kisasi, na mengi yaliyofuata hayaeleweki bila jeraha hilo.

Kushindwa huko, pamoja na jaribio la nyuklia la India la Mei 1974, kuliifanya Pakistan iharakishe mradi wake wa bomu. Kituo cha kurutubisha urani kilijengwa Kahuta, karibu na Islamabad. Maofisa wastaafu wa India husimulia kwamba wapelelezi wao waliokota nywele kwenye maduka ya vinyozi wa eneo hilo na kuzipeleka maabara kupimwa mabaki ya mionzi. Simulizi hiyo haijathibitishwa na serikali yoyote, lakini inaonyesha aina ya kazi inayofanyika pale ambapo mpelelezi hawezi kuvuka ukuta wa kituo. Hata hivyo, mradi haukuzuiwa, na Mei 1998 nchi zote mbili zilifanya majaribio ya silaha za nyuklia.

Punjab, Kashmir na Kargil

Katika miaka ya 1980 ISI ilikua kwa kasi isiyo na mfano. Fedha na silaha kutoka Marekani na Saudi Arabia, zilizokusudiwa wapiganaji wa Afghanistan dhidi ya Wasovieti, zilipitia mikononi mwake. Ilijifunza kuendesha vita virefu kwa kutumia vikundi visivyo vya jeshi rasmi. India iliishutumu kwa kuwasaidia Masingasinga waliotaka Punjab ijitenge, shutuma ambayo Pakistan iliikana. Kisha uchaguzi wa Kashmir wa 1987, uliogubikwa na madai ya wizi wa kura, uliwakatisha tamaa vijana wengi wa jimbo hilo. Manung'uniko yalikuwa yao wenyewe, lakini uasi ulipolipuka mwaka 1989, mafunzo na bunduki vilitoka ng'ambo ya mpaka. Vikundi kama Hizbul Mujahideen na Lashkar-e-Taiba vikaingia, na makumi ya maelfu ya watu wamekufa tangu wakati huo. Upande wa pili, Pakistan huishutumu RAW kwa kuwafadhili waasi wa Balochistan, na India hukana.

Vita vya Kargil vya 1999 vinaonyesha uwezo na udhaifu wa ujasusi kwa pamoja. Wakati wa baridi kali askari wa Pakistan walipanda kimyakimya kwenye vilele vya milima upande wa India. RAW haikugundua, na waliotoa habari za kwanza mapema mwezi Mei walikuwa wachungaji. Wiki chache baadaye RAW ilinasa kitu adimu: mazungumzo ya simu kati ya Jenerali Pervez Musharraf, mkuu wa jeshi la Pakistan aliyekuwa ziarani Beijing, na Luteni Jenerali Mohammed Aziz aliyekuwa Rawalpindi. Serikali ya Pakistan ilikuwa ikisema kwamba waliokuwa vileleni ni wapiganaji wa Kikashmiri. Simu ilionyesha wazi kwamba jeshi ndilo lililoshika hatamu.

Juni 11, siku moja kabla ya waziri wa mambo ya nje wa Pakistan kuwasili Delhi, India iliitangaza kanda hiyo hadharani. Kidiplomasia lilikuwa pigo kubwa. Kijasusi lilikuwa na gharama yake, kwa kuwa siri ikishatangazwa adui hujua mahali inapovuja na kuparekebisha. Baada ya vita, kamati iliyoongozwa na K. Subrahmanyam iliyachambua mapungufu ya ujasusi wa India, na vyombo vipya vya ujasusi wa kijeshi na wa kiteknolojia vikaundwa.

Gharama kwa raia

Novemba 26, 2008 washambuliaji 10 waliotoka Karachi kwa njia ya bahari waliingia Mumbai na kuua watu 166. David Headley, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan aliyepeleleza maeneo ya shambulio, aliiambia mahakama ya Chicago kwamba alishirikiana na Lashkar-e-Taiba na ofisa wa ISI. Pakistan ilikana kuhusika. Headley alihukumiwa kifungo cha miaka 35.

Kwa upande wa Pakistan, ushahidi unaotajwa zaidi ni Kulbhushan Jadhav, aliyekamatwa Machi 2016 akiwa na pasipoti yenye jina la Hussein Mubarak Patel. Pakistan inasema ni ofisa wa RAW aliyeshikwa Balochistan. India inasema ni mstaafu wa jeshi la majini aliyetekwa nyara kutoka Iran alikokuwa akifanya biashara. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mwaka 2017. Desemba 25 mwaka huo mama yake na mkewe waliruhusiwa kumwona Islamabad. Walizungumza naye kwa simu kupitia ukuta wa kioo. India ililalamika kwamba wanawake hao walivuliwa bangili na mkufu wa ndoa, na kwamba viatu vya mke havikurudishwa. Pakistan ilijibu kwamba ndani ya viatu kulikuwa na kitu cha kutiliwa shaka. Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Pakistan ilivunja Mkataba wa Vienna kwa kumnyima mfungwa huyo msaada wa kibalozi, ikaagiza hukumu yake ipitiwe upya.

Milango iliyobaki wazi

Mashirika haya haya ndiyo hutumika pale wanasiasa wanaposhindwa kuonekana wakizungumza. Mwaka 2018 wakuu wawili wa zamani, A. S. Dulat wa RAW na Asad Durrani wa ISI, walichapisha kitabu cha mazungumzo yao, jambo lililomfanya Durrani azuiwe kusafiri nje ya Pakistan. Februari 2021 majeshi yalitangaza kurejea kwenye usitishaji mapigano kwenye mstari unaoigawa Kashmir, na ikaripotiwa kwamba maofisa wa ujasusi wa pande zote mbili walikuwa wamekutana kwa siri Dubai mwezi mmoja kabla.

Utulivu huo ulivunjika Aprili 22, 2025, watu 26 walipouawa Pahalgam, Kashmir. India ilishambulia kwa makombora mwezi uliofuata, Pakistan ikajibu, na mapigano yakasimama Mei 10. Katika wiki hizo India iliwakamata raia kadhaa kwa tuhuma za kuipelelezea Pakistan, baadhi wakidaiwa kunaswa kupitia mitandao ya kijamii.

Utaratibu mmoja umevumilia yote hayo. Kila Januari 1 na Julai 1 serikali mbili hubadilishana orodha za raia wa upande wa pili waliomo magerezani mwao, na zilifanya hivyo hata Julai 2025. Wengi wa waliomo ni wavuvi waliovuka mpaka wa bahari usio na alama. Wako pia wale wanaotuhumiwa ujasusi, ambao mara nyingi serikali yao haikubali kamwe kuwa iliwatuma. Kwa familia nyingi, karatasi hizo ndizo njia pekee ya kujua kama ndugu yao bado yu hai.