Majilio: Msimu wa kuwafunza watoto kungoja Noeli mpakani Busia na Malaba

WAKAZI wa Busia na Malaba wanaijua kazi ya kungoja. Madereva wa malori hungoja stakabadhi za forodha, wachuuzi hungoja bidhaa zao zivushwe, na watoto wengi hungoja mama au baba arejee kutoka upande wa Uganda ndipo chakula cha jioni kipakuliwe. Mnamo Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wote wapimwe Covid-19 kabla ya kuingia nchini humo, foleni ya malori yaliyoelekea Malaba ilirefuka kwa makumi ya kilomita.

Kwa Wakatoliki wa miji hiyo miwili, hata hivyo, kungoja si karaha tu. Kanisa limetenga takriban majuma manne kila mwaka kwa ajili ya kungoja, na kipindi hicho hujulikana kama Majilio, neno lenye mzizi wake katika kitenzi 'kuja'. Ni wakati wa kujiandaa kwa sherehe ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo, na pia kukumbuka kwamba atakuja mara ya pili.

Tatizo ni kwamba Majilio huangukia siku ambazo biashara ya mpakani imepamba moto. Nyimbo za Noeli huanza kusikika madukani tangu Novemba, nguo za watoto hutundikwa kila kona ya soko la mitumba, na wazazi hurudi nyumbani usiku wakiwa wamechoka. Mtoto hukua akijua Noeli ni vazi jipya, nyama ya kuku na soda. Msimu wa kungoja humezwa na sherehe yenyewe kabla haijafika.

Ilhali kuadhimisha Majilio nyumbani hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji robo saa ya jioni na mtu mzima aliye tayari kuketi na watoto.

Kipindi chenyewe

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na Novemba 30, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Kwa hiyo Dominika ya kwanza haiwezi kutangulia Novemba 27 wala kupita Desemba 3. Siku hiyo ndiyo pia mwanzo wa mwaka mpya wa liturujia.

Padre huvaa mavazi ya zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa za Dominika. Aleluya, hata hivyo, huendelea kuimbwa. Hiyo ni ishara kwamba Majilio si Kwaresima ya pili. Ni matayarisho yenye matumaini. Dominika ya tatu huitwa Gaudete, neno la Kilatini lenye maana ya 'furahini', na padre anaweza kuvaa rangi ya waridi.

Hadi Desemba 16, masomo husisitiza kukesha na kungoja Kristo atakaporudi. Kuanzia Desemba 17 hadi 24, macho yote huelekezwa Bethlehemu. Mzazi anaweza kuanzia hapo kwa kumuuliza mtoto baada ya Misa: Padre alivaa rangi gani leo, na ni wimbo gani haukuimbwa? Mtoto aliyepewa kazi ya kuchunguza huwa hasinzii kanisani.

Watoto wako nyumbani

Jambo moja huyatofautisha Majilio ya Kenya na yale ya Ulaya, ambako nyingi za desturi hizi zilianzia. Mtoto wa Ujerumani au Ufaransa huwa darasani sehemu kubwa ya Desemba. Mtoto wa Busia huwa katika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na ng'ambo ya mpaka wanafunzi wa Uganda pia hufunga shule mapema Desemba. Mwalimu wa dini hayupo. Mzigo wote wa kufundisha huwaangukia walio nyumbani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa iliyotolewa mwaka wa 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani na kuwataja wazazi kuwa watangazaji wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Mpakani maneno hayo yana uzito wa pekee, kwa kuwa likizo ndefu ina hatari zake. Watoto wasiokuwa na shughuli huvutwa kwa urahisi kwenda kubeba mizigo ya wafanyabiashara au kuivusha kupitia njia za panya kwa malipo madogo. Mtoto anayejua kwamba saa moja jioni kuna jambo linalomngoja nyumbani, na kwamba bila yeye halitafanyika, ana sababu ya kurudi.

Wengine hupelekwa mashambani kwa nyanya zao, huko Bukhayo, Samia au Teso. Huko, nyanya ndiye katekista.

Shada na mishumaa minne

Desturi inayojulikana zaidi ni ya shada la Majilio: duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Dominika ya kwanza huwashwa mmoja, ya pili huwashwa miwili, na kuendelea hivyo hadi yote minne iwake kabla ya Noeli. Ule wa waridi huwashwa kwa mara ya kwanza Dominika ya tatu.

Asili ya shada hili huwashangaza wengi. Si Roma, na aliyelianzisha hakuwa Mkatoliki. Mwaka wa 1839, Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri aliyeendesha makao ya watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani, alichoshwa na swali la kila siku: Noeli itafika lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Dominika. Kila siku waliwasha mmoja zaidi, na watoto wakaweza kuhesabu wenyewe. Wakatoliki wa Ujerumani waliipokea desturi hiyo katika miaka ya 1920, nayo ikaenea. Mwaka wa 2001, Vatikano iliitaja katika mwongozo wake kuhusu ibada za waamini.

Historia hiyo ni habari njema kwa familia ya kipato kidogo. Shada lilianza kama gurudumu kuukuu, kwa ajili ya watoto wasiokuwa na kitu. Hakuna sababu ya mzazi kuona haya kwa kukosa lile la plastiki la dukani. Ngata ya majani makavu ya mgomba, ile ambayo akina mama huweka kichwani wabebapo maji, inatosha kuwa duara, na matawi ya msaipresi huizungushia kijani. Gurudumu la baiskeli lililotupwa pia lafaa, hasa katika miji ambako jina 'bodaboda' lilizaliwa, kutokana na wito wa waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Mishumaa ya zambarau ikikosekana, mishumaa myeupe ya kawaida hufungwa utepe wa rangi inayotakiwa, au hata kitambaa.

Utaratibu wake ni mfupi. Taa huzimwa, mtoto mmoja husaidiwa kuwasha mshumaa, mwingine husoma aya chache za Injili ya siku, kisha husemwa Baba Yetu na wimbo mmoja huimbwa. Familia nyingine humpa kitinda mimba juma la kwanza, ndugu wakubwa juma la pili, mama la tatu na baba la nne. Tahadhari ni lazima: duara liwekwe juu ya sinia, mbali na chandarua na pazia, na mishumaa izimwe kabla mtu mzima hajaondoka chumbani. Majani yakikauka yabadilishwe.

Chaki, tawi na hori

Katika karne ya 19, familia za Ujerumani zilichora mistari 24 ya chaki mlangoni, na watoto wakafuta mmoja kila siku ya Desemba. Ndiyo asili ya kalenda za Majilio zinazouzwa leo zikiwa na vidirisha na chokoleti. Chaki bado inafanya kazi ileile, na mlango wa bati haukatai kuandikwa.

Desturi nyingine ni mti wa Yese, baba ya Mfalme Daudi. Nabii Isaya alitabiri kwamba chipukizi litatoka katika shina la Yese. Tawi lisilo na majani husimamishwa ndani ya kopo lenye mchanga, na kila jioni husimuliwa kisa kimoja cha Agano la Kale: Nuhu, Abrahamu, Yosefu na ndugu zake, Musa, Ruthu, Daudi. Mtoto huchora alama ya kisa hicho kwenye karatasi na kuitundika. Ifikapo Noeli, mti umejaa, na mtoto amejifunza kwamba Yesu ana ukoo, jambo ambalo jamii zinazohesabu vizazi vyake hulielewa upesi.

La tatu ni hori tupu. Pango la Noeli hukumbushia tukio la mwaka wa 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoiigiza Bethlehemu katika kijiji cha Greccio, Italia. Mnamo Desemba 1, 2019, hayati Papa Fransisko alitoa barua ya kuwahimiza waamini wasiiache desturi hiyo. Nyumbani, katoni ndogo huwa hori. Kila mtoto atendapo wema bila kutumwa, kama vile kuteka maji, kumsamehe nduguye au kumtembelea mgonjwa, huweka unyasi mmoja. Mtoto Yesu, awe wa udongo au wa kitambaa, halazwi humo hadi usiku wa Desemba 24. Ulaini wa kitanda chake hutegemea matendo ya wiki nne.

Mpaka na safari

Masomo ya Majilio na Noeli yamejaa wasafiri. Mariamu huenda nchi ya milimani kumtembelea Elisabeti. Yosefu humpeleka Bethlehemu kuandikishwa, nao hukosa nafasi katika nyumba ya wageni. Baadaye hukimbilia Misri na mtoto mchanga. Mtoto wa Malaba aliyeona akina mama wakiwa na watoto mgongoni katika foleni ya uhamiaji hahitaji kufafanuliwa sana.

Mpaka wenyewe ni mchanga kuliko undugu wa watu wake. Wateso na Wasamia wana jamaa pande zote mbili. Hata Kanisa lilikuwa moja: Wakatoliki wa magharibi mwa Kenya walikuwa chini ya Vikarieti ya Nile ya Juu, iliyohudumiwa na wamisionari wa Mill Hill kutoka Uganda, hadi eneo la Kavirondo lilipotengwa mwaka wa 1925. Leo waamini wa Busia na Malaba upande wa Kenya wako katika Jimbo la Bungoma, lililoundwa mwaka wa 1987, na jirani zao wa ng'ambo wako chini ya Jimbo Kuu la Tororo.

Nchini Mexico, kuanzia Desemba 16 hadi 24, watoto na wazazi huzunguka mtaani wakiigiza Yosefu na Mariamu wakibisha hodi na kukataliwa, hadi mlango mmoja unapofunguliwa. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa utume wao katika miaka ya 1970, tayari hukutana nyumba kwa nyumba. Novena ya Noeli huangukia siku hizohizo, na watoto wakipewa nafasi ya kubisha hodi, sala ya jumuiya itakuwa yao pia.

Nguo mpya

Swali zito zaidi huja Desemba inapokaribia kwisha: vipi kuhusu nguo mpya? Kwa wazazi wengi wa magharibi mwa Kenya, kumvika mtoto vazi jipya siku ya Noeli ni suala la heshima, na asiyelipata huenda akakataa kwenda Misa kwa aibu. Majilio hayafuti desturi hiyo, lakini humpa mtoto kipimo kingine. Aliyeongoza sala, aliyejaza hori na aliyetundika alama mtini ana jambo la kujivunia hata kama shati lake ni la mwaka jana.

Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka wa 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, limejengwa juu ya wazo kwamba watoto wanaweza kuwasaidia watoto wenzao. Mkebe wa sarafu kando ya shada, unaofunguliwa Dominika ya nne kwa ajili ya mtoto wa jirani asiyekuwa na wa kumnunulia, hufundisha hilo vizuri kuliko mahubiri.

Wapo wazazi ambao hawawezi kurudi mapema kila jioni. Hao wanaweza kushika Dominika nne pekee, na siku nyingine kifungua mimba aongoze sala bila mishumaa. Katika nyumba ambamo mmoja ni Mkatoliki na mwingine Mwanglikana, hakuna mvutano, maana Waanglikana pia huadhimisha Majilio.

Desemba 26, mapambo ya madukani huanza kushushwa. Kanisani, Noeli ndiyo kwanza imeanza, nayo huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Familia iliyongoja ina sababu ya kuliacha pango mahali pake hadi wakati huo, watoto wanapojiandaa kurejea shuleni.