Keki Iliyokatwa Kabla ya Kafyu

Je, mpenzi msomaji, wakumbuka ulivyoadhimisha siku ya kuzaliwa ya mwanao mwaka 2020? Huenda ungependa kuusahau mwaka huo, na sikulaumu. Lakini kwa aila nyingi za Kwale, kuanzia Ukunda hadi Msambweni, huo ndio mwaka sherehe hii iliporudi nyumbani.

Awali mzazi mwenye uwezo alimpeleka mtoto katika hoteli ya Diani, akaogelea, akala chipsi, kisha wahudumu wakaleta keki wakiimba. Asiyejiweza alikopa, ama alimwambia mtoto angoje mwakani. (Babu zetu wengi hata tarehe hawakuijua. Walijua tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani.)

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 ikaanza kafyu ya kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungwa, pasiwe na kutoka wala kuingia. Hoteli za Diani nazo zikafunga milango, na wafanyakazi wengi wakarudi makwao mikono mitupu.

Mpwa wangu wa Ukunda alitimiza miaka saba mwezi Mei, katikati ya Ramadhani. Babake alikuwa kazini Mombasa, ng'ambo ya kizuizi, kilomita kama 30 tu. Mtoto hakuulizia keki. Aliuliza kama baba atakuja. Hebu niambie, ungemjibuje?

Dada yangu alipiga hesabu. Mwezi huo adhana ya Magharibi hapa Pwani huwa mwendo wa saa kumi na mbili na robo, na kafyu ni saa moja. Alikuwa na dakika 45 za kufuturu, kukata keki na kuwapelekea majirani, huku mvua ya masika ikinyesha!

Keki ilitoka kwa jirani aliyekuwa mpishi katika hoteli moja. Hakuwa na tanuri. Alitia mchanga katika sufuria kubwa, akaweka sufuria ndogo ndani, akapalia makaa juu ya kifuniko. Alilipwa kwa M-Pesa, ambayo miezi hiyo haikutoza ada kwa kiasi kisichozidi Sh1,000. Pesa hizo, alituambia baadaye, ndizo zilizomnunulia unga wa sima wiki hiyo.

Mishumaa haikupulizwa, ilipepewa kwa sahani ikazimika. Usicheke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walionyesha mwaka 2017 kwamba kupuliza mishumaa kunaweza kuongeza bakteria juu ya keki kwa asilimia 1,400. Hata leo, korona ikiwa imepungua makali, kwa dada yangu hakuna anayepuliza.

Kando ya keki palikuwa na mkate wa sinia, ambao waweza kuupika mwenyewe. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, uchuje, kisha usage laini pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko cha chai cha hamira na iliki. Uache uumuke. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, uweke makaa machache chini na mengi juu. Ukizidisha ya chini utaungua kabla haujaiva, nami nimewahi kuula ulioungua.

Vipande vilifunikwa, watoto wa jirani wakavichukua mlangoni. Sahani, kama ujuavyo, hairudi tupu: moja ilileta kaimati, nyingine viazi karai. Saa moja kasoro dakika tano kila mtu alikuwa ndani, na baba akaimba kwenye simu hadi salio likamwishia.

Kwale ilifunguliwa mwanzoni mwa Juni, lakini Mombasa ilibaki imefungwa hadi Julai 7. Baba alipofika hatimaye, na mfuko wake wa mabuyu, binti alikimbia chumbani badala ya kumkumbatia. Alirudi na ile mishumaa saba, amebandika kila mmoja kwenye kipande cha mkate wa mayai, akamwambia aiwashe yeye.